Hisia Zisizidi Kurasa Kumi

Mhina Mwinjuma alichukua wiki nzima kuandika sentensi ya kwanza, na ilipotoka ilikuwa ya Kiingereza, ndefu, na haikuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Ilikuwa na wakulima, ilikuwa na mabadiliko, ilikuwa na mahusiano ya uzalishaji mali. Mtu hasa, mwenye jina na tumbo, hakuwemo. Aliipenda kupita kiasi. Akamwita mkewe aje aisikie.

"Zuena! Hebu njoo."

Zuena alikuwa uani akichambua mboga ya mchunga. Akaja na ungo wake, akasimama mlangoni, akasikiliza Kiingereza chote mpaka nukta. Yeye shule aliiacha darasa la nane kwao Mnyuzi, lakini cherehani yake ndiyo iliyokuwa ikilipa pango la vyumba viwili pale Masuguru, Korogwe, tangu mume aache kufundisha na kwenda kusomea shahada ya pili.

"Inasema nini?" akauliza.

"Inauliza kwa nini wakulima wa Handeni wanasita kuhamia vijiji vya ujamaa."

"Si ungemwuliza mama yako? Yuko Kwaluguru, na hajahama."

Mhina akatabasamu lile tabasamu ambalo wasomi nadhani huwa wanagawiwa siku ya kuandikishwa, pamoja na kitambulisho. "Mama ni mtu mmoja," akasema. "Huu ni utafiti."

Zuena akarudi kwenye mchunga wake.

Kozi ile ilidai vitu viwili. Kwanza pendekezo la utafiti: unataka kuuliza nini, utamwuliza nani, na kwa nini swali lako ni muhimu kuliko maswali ya wenzako. Pendekezo hilo lilitakiwa lipate kibali cha serikali wilayani kabla mwezi wa sita haujaisha, la sivyo nafasi anapewa mwingine na Mhina anarudi kufuta ubao. Pili, baada ya kukaa na wananchi, ilitakiwa taarifa ya kujitafakari, yaani mtafiti aeleze alichokiona, alichokihisi, na jinsi kilivyombadilisha. Dokta aliyemsimamia alikuwa Mzungu mmoja wa ndevu, aliyetoka kwao kuja kutusaidia kujenga ujamaa, na alikuwa akivaa kandambili mpaka kwenye mikutano ya maprofesa kwa ajili ya mshikamano na wanyonge. Huyu ndiye aliyeandika kwa wino mwekundu pembeni mwa maelekezo: hisia zisizidi kurasa kumi.

Kalamu aliyokuwa akiandikia Mhina ilinunuliwa na Zuena siku barua ya chuo ilipofika. Ilikuwa ya wino wa kuvuta, kifuniko chake cha rangi ya dhahabu, na Mhina aliivaa kwenye mfuko wa shati hata alipokwenda kuoga.

*

Mhina alimkuta mama yake, Mwaija, juu ya dungu, kile kichanja cha miti wanachojenga katikati ya shamba ili mtu akae juu alinde mazao. Alikuwa na rundo la mawe pembeni na kopo la kugonga, na macho yake yalikuwa kwenye ukingo wa pori walikokuwa wakichungulia ngedere.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Panda huku, au umekuwa mzito kwa kusoma?"

Mhina akapanda na suruali yake ya tetroni, akakaa. Mahindi yalikuwa yamewazunguka pande zote, marefu, ya kijani iliyoiva, na kila bua limebeba hindi moja au mawili yaliyoanza kukauka ndevu. Mwaija alikuwa akiyatazama kwa jicho ambalo hata Mhina mwenyewe hajawahi kutazamwa nalo.

"Umeyaona? Mwaka jana mvua ilitunyima, tukala yanga. Unga wa njano, wa msaada, unanuka gunia. Nimepanga foleni ya yanga mimi, mama wa mwenye digrii, nasukumana na vitoto. Nilijisikia aibu mpaka nikajifunika kanga usoni. Mwaka huu Mungu kajalia. Sikatai kuhama, mwanangu, nani anaweza kukataa? Nasema nivune kwanza. Nikishavuna, hata mkinipeleka Mombo mtanikuta nimefunga mzigo."

Hapo ndipo shida yote ilipokuwa, na haikuhitaji sentensi ndefu. Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka shambani. Akihama leo, hakuna wa kulinda mahindi. Akihama baada ya mavuno, mwaka huu anakula chake.

Chini ya dungu alikuwa amesimama Mbaruku, mdogo wake Mwaija, na panga mkononi. Huyu hakuwa mtu wa maneno mengi na aliyokuwa nayo yalikuwa ya kukatisha tamaa.

"Mjomba, mwambie dada yangu," akasema. "Mimi nimeanza kukata ya kwangu. Tutachemsha mabichi, mengine tutayaning'iniza dari ya jikoni yapate moshi. Ni hasara, najua. Lakini hawa watu wakija na lori hawaulizi mahindi yako yamefikia wapi."

"Kata ya kwako!" Mwaija akamjibu kutoka juu. "Yangu yana mwandishi!"

Lazima tuseme ukweli wa Mwaija pia. Kiburi alikuwa nacho. Kwaluguru nzima ilikuwa imekwisha kusikia kwamba mwanawe anaandika makaratasi ya serikali, kwamba makaratasi hayo yanasomwa Dar es Salaam, na kwamba mwenye shida aje kwake kwa adabu atafikishiwa. Wanawake wawili walishampelekea kuku.

"Wewe si ndiye unayeandika?" akamgeukia mwanawe. "Basi andika humo. Mwaija ahame akishavuna. Mstari mmoja tu."

"Operesheni ina tarehe zake, mama."

"Na hizo tarehe zimeshuka kutoka mbinguni? Si zimeandikwa na watu?"

Mhina akacheka, akamshika mama yake mkono. "Nitazungumza nao. Nitaandika, mama. Usiwe na wasiwasi."

Na tumpe haki yake: alipokuwa akisema hivyo, alimaanisha. Dunguni palikuwa na upepo, mama ana furaha, na hakuna aliyekuwa amemtajia mhuri.

*

Mhuri ulikuwa Handeni mjini, katika ofisi moja ya serikali, mezani kwa Bwana Ernesti, msimamizi wa operesheni ya kuhamisha watu katika kata ile. Bwana Ernesti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye lori moja, mgambo wachache, kaya nyingi za kuhamisha, na mkubwa wake aliyekuwa akimpigia simu kila asubuhi kumwuliza amefikia wapi. Alilisoma pendekezo katika nakala ya Kiswahili, kidole kikitembea chini ya maneno. Kidole kikasimama.

"Kusita?" akasema. "Nani anasita?"

"Ni dhana tu, mzee. Ya kitaalamu."

"Katika wilaya hii hakuna anayesita. Mimi ninapeleka taarifa kila wiki, hakuna anayesita. Sasa utatafitije kitu ambacho hakipo? Si kupoteza jasho la wananchi huko?"

Mhina akajikohoza. "Labda tuseme... mwitikio."

"Mwitikio! Unaona? Msomi ni msomi tu. Mwitikio wa namna gani?"

"Mwitikio mzuri."

"Mzuri basi?"

"Mkubwa, mzee. Na wa hiari."

"Andika."

Mhina akavua kifuniko cha dhahabu, akaandika. Hivyo ndivyo swali lilivyopata jibu kabla halijaulizwa kwa mtu yeyote, na utafiti ukaokoa nauli nyingi sana. Bwana Ernesti akavuta kisahani cha wino, akashika mhuri, akaunyanyua. Halafu, mhuri ukiwa hewani, akauliza:

"Kwenu hasa wapi, ndugu?"

"Kwaluguru, mzee."

"Ah! Mmeshahama?"

Sasa hapo, jamani. Mlango ulikuwa wazi, mtu amekaa vizuri, chai imeletwa, swali limeulizwa kwa Kiswahili rahisi. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno ya Mhina: mama yangu yuko tayari ila anaomba avune kwanza. Aliutazama mhuri. Aliwaza kwamba huenda mama anayeomba kungoja ataonekana ni mama anayesita, na kusita wamekubaliana sasa hivi kwamba hakupo. Akaona uso wa Dokta, akaona ubao na chaki. Akayameza maneno na chai.

"Mama yuko katika maandalizi," akasema.

"Vizuri sana! Basi tuanze na kaya yenu, iwe kaya ya mfano. Iingize humo kwenye pendekezo. Jumatano tutakuwa Kwaluguru na lori, na wewe uwepo, ushiriki na wananchi. Si kuna jina mnaita ninyi?"

"Utafiti shirikishi," Mhina akasema, na alijichukia kwa jinsi alivyolijua haraka.

Mhuri ukashuka, pa! Alipokuwa akitoka aliinama kama anapokea zawadi. Njiani kurudi Korogwe, basi likirusha vumbi, alijipanga vizuri kabisa: Jumatano nitazungumza naye nje ya ofisi, nje ya ofisi ni mtu mzuri. Kufika Masuguru alikuwa amekwisha kujisamehe, na usiku alilala fofofo. Zuena ndiye aliyekaa macho, maana alimwuliza "Umewaambia habari ya mama?" naye akajibiwa "Inashughulikiwa," na Zuena ofisi alizijua.

*

Habari za Jumatano zilimfikia Mwaija kwa mdomo wa balozi wao wa nyumba kumi, Mzee Sadala, aliyekuja jioni ya Jumanne hana raha, anazungukazunguka.

Mbaruku akachukua panga. "Dada, twende. Tunakata wote, mimi na wewe na wanangu. Tutaokoa hata nusu."

"Hakuna mtu atakayegusa bua langu," Mwaija akasema. "Mwanangu anakuja mwenyewe na hilo lori. Kwa nini aje mwenyewe kama hana ruhusa mkononi? Tumia akili, Mbaruku."

Akalala vizuri. Asubuhi akachemsha uji, akavaa kanga mpya, akatoka barazani kupokea ruhusa.

Lori likaja na mgambo nyuma. Mbele, katikati ya dereva na Bwana Ernesti, amebanwa na faili mapajani, alikuwa Mhina. Mwaija akamwendea kabla hajashuka vizuri.

"Umeileta?"

"Mama, tutazungumza."

"Nakuuliza umeileta?"

"Tutazungumza, mama, mbona haraka?"

Mama mzazi hahitaji kusomewa. Mwaija alimtazama mwanawe, kisha akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa amevua ile kanga mpya, amejifunga kuukuu, na nyingine amejitanda kichwani kama mfiwa. Akaketi chini pale mlangoni, miguu ameinyoosha.

"Mzee Sadala," akasema, "kamwite Hiza. Mwambie kuna msiba hapa."

Hiza alikuwa mtani wa ukoo wao. Kwao msiba haukamiliki bila mtani. Wengine wakilia, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kucheka; anamwiga marehemu, anamtukana mfiwa, analala kaburini akikataa kutoka, anakamata kitu cha mwenye msiba na hakiachii mpaka kikombolewe. Na mtu akomboe kwa chochote alicho nacho, mtani hachagui. Hakuna anayekasirika. Aliyezidiwa na uchungu anajikuta anacheka machozi yakimtoka, na hapo anapata nguvu ya kuinuka. Mhina alipozikwa baba yake alikuwa mtoto wa shule, na mtu pekee aliyemfanya ameze chakula siku ile alikuwa Hiza huyuhuyu, aliyekuwa akitembea kwa kuchechemea kama marehemu na kumdai kila mtu tumbaku.

Mgambo walikuwa wameshapanda juu wanafumua nyasi za paa Hiza alipofika, mzee mwembamba, masizi amejipaka uso mzima. Hakumsalimia mtu. Aliinyakua ile kanga mpya ya Mwaija, akajifunga, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akashika kiuno.

"Kata ya kwako!" akapiga kelele kwa sauti ya Mwaija kabisa. "Yangu yana mwandishi! Ngedere, mnasikia? Msisogee, mtaandikwa! Wewe nguruwe, kwanza jina lako nani? Shika adabu, mwanangu yuko Dar es Salaam!"

Watu wakaangua kicheko. Mbaruku alicheka mpaka akachuchumaa. Mwaija mwenyewe, pale chini, alitikisika kwa kucheka huku kamasi na machozi vinamtiririka, akawa anampiga Hiza miguuni na kanga, "Mbwa wewe! Mchawi! Niache nife!"

Bwana Ernesti akafurahi sana. Kaya ngapi alishazihamisha watu wakimtazama kama tauni, leo hapa wanacheka. "Andika, ndugu, andika!" akamgonga Mhina kiwikoni. "Ona wanavyoshangilia!"

Mhina alijua anachokiona. Alikijua kuliko alivyojua kitu chochote cha kwenye vitabu. Akafungua daftari, akaandika: *wananchi walishangilia.*

Hiza akamwona anaandika. Akashuka juu ya kinu, akakaa, akakunja mguu juu ya mguu, akaokota gome la mti akaliweka pajani, akang'oa bua la hindi likawa kalamu, akalilamba ncha.

"Mama," akamwambia Mwaija kwa sauti nyororo ya puani, "samahani kidogo, mimi ni mtafiti. Nyumba yako inapobomolewa unasikia raha, ama unasikia raha sana? Chagua moja. Usilie, mama, utalowesha swali."

Hata mgambo juu ya paa walicheka. Dereva aliegemea lori, ameshika mbavu. Na katika kicheko kile Hiza akaruka, akalipokonya faili mikononi mwa Mhina, akalikumbatia kifuani.

"Nimekamata!"

"Hiza, mtani wangu," Mhina akasema, uso umembadilika, "hilo ni la serikali. Lina mhuri."

"Ndiyo maana nimekamata hilo. Ningekamata kuku? Nikomboe."

"Haya, sema unataka nini."

Hiza akamsogelea. Alikuwa bado anacheka, masizi na meno, lakini macho yake yalikuwa yametulia. "Sitaki hela yako. Nataka maneno matatu. Mwambie bwana huyu hapa: *mama avune kwanza.* Basi. Tuko kwenye utani, mwanangu. Akikataa tutacheka, akikubali tutacheka, na hakuna atakayekuandika popote. Ukishindwa hilo, toa kitu, nami nitapokea."

Watu wakangoja kucheka tena. Bwana Ernesti alikuwa anafuta macho na kitambaa. "Mkomboe, mkomboe!" akasema. "Hata kwetu watani tunao, wasumbufu hawa! Sema tu usikike."

Angekubali. Mimi nasema angekubali. Saa ile alikuwa amecheka mpaka kofia imemdondoka, lori lilikuwa na kaya nyingine kumi za kubeba siku ile, na kwa mkubwa wake angesema tu kwamba gari liliharibika, kama alivyowahi kusema mara mbili kwa sababu ndogo zaidi. Mwaija aliinua kichwa. Alikuwa anamtazama mwanawe, na usoni mwake, wallahi, tumaini lilikuwa limerudi.

Mhina alilitazama faili. Pembe ya pendekezo ilikuwa imechomoza, na mhuri wa zambarau ulionekana nusu. Akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati, akachomoa kalamu yenye kifuniko cha dhahabu, akamnyooshea Hiza.

"Chukua hii," akasema.

Hakuna aliyecheka. Hiza aliiangalia kalamu kama mtu aliyepewa nyoka, lakini desturi ni desturi, akaipokea. Akaichomeka kwenye nywele zake za mvi. Akamrudishia faili kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa, na heshima ile ilikuwa mbaya kuliko matusi yote aliyoyatukana asubuhi ile.

"Umekomboa," akasema, akavua kanga ya Mwaija, akaikunja, akaondoka.

Mgambo wakaendelea na paa. Adhuhuri Mwaija alipandishwa nyuma ya lori pamoja na kinu, vyungu, kitanda cha kamba na kuku wanne. Lori lilipolipita shamba alijifunika uso.

*

Kijiji kipya kilikuwa kimenyooka vizuri sana, kila kaya na kigingi chake, na ungesimama barabarani ungeviona vyote kwa mstari mmoja. Nyumba zilikuwa bado. Mbaruku alijenga kibanda cha dada yake kwanza kabla ya chake, hakumsema hata neno, na dari ya kibanda chake mwenyewe ilikuwa imejaa mahindi yaliyokaushwa mabichi, yamesinyaa, lakini yanalika.

Shambani kwa Mwaija, ngedere walichukua mchana na nguruwe wakachukua usiku. Walipangiana zamu vizuri kuliko kamati yoyote. Mwaija alikwenda mara moja kuangalia. Alirudi na kopo lake la kugongea, akaliweka nje, na wiki iliyofuata akapanga foleni ya yanga.

Mhina alikaa kijijini muda uliotakiwa na kozi. Aliuliza maswali yake, na watu wakamjibu vizuri kabisa, mwitikio mkubwa na wa hiari, mkubwa na wa hiari, kila mlango. Kisha akarudi Masuguru kutafakari.

Hapo ndipo kipaji chake kilipoonekana. Akiandikia kalamu ya plastiki aliyoiokota kwenye sanduku la uzi la Zuena, alijichambua bila huruma. Aliandika kwamba alihisi maumivu, kisha akagundua kwamba maumivu yale yalikuwa ya kitabaka. Aliandika kwamba msomi husaliti. Ukurasa wa saba alilia. Ukurasa wa nane akajifunza. Ukurasa wa tisa alikuwa mtu mpya, na ukurasa wa kumi uliachwa kwa marejeo. Zuena alikuwa akishona, anasomewa kwa Kiswahili huku anakanyaga cherehani. Mguu ukasimama.

"Na mahindi ya mama?"

"Yamo. Ukurasa wa tano."

"Yamefanya nini huko ukurasa wa tano?"

Mhina akatafuta mstari kwa kidole. "Mavuno yalipungua kidogo kutokana na wanyama waharibifu."

"Kidogo," Zuena akasema.

"Ni lugha ya kitaalamu."

Zuena aliutia mguu tena kwenye cherehani akaikanyaga kwa nguvu mpaka sindano ikakatika.

Dokta alifurahi mno. Inasemekana alivua miwani. Taarifa ilirudi na alama za juu kuliko za darasa zima na maneno ya wino mwekundu: kujikosoa kwa ujasiri wa nadra. Alitaka jambo moja tu. Aongeze aya moja mwishoni, fupi, kuhusu uhusiano wa mtafiti na jamii aliyotoka.

*

Mwaija alifika Masuguru siku ya soko, amekonda. Miaka yote akija mjini alikuja na kitu: debe la mahindi, jogoo amefungwa miguu, hata mchunga wa kando ya mto. Safari hii alikuja mikono mitupu. Zuena akampokea kwa magoti, akamtandikia mkeka uani, akaenda kubandika sufuria.

"Shikamoo mama," Mhina akasema, amesimama.

"Marahaba. Kaa, siji kukupiga."

Akakaa. Mwaija akafungua pindo la kanga taratibu, kwa meno, maana fundo lilikuwa limekazwa sana. Akatoa kalamu yenye kifuniko cha dhahabu, akaiweka mkekani kati yao.

"Hiza kairudisha."

Mhina aliitazama, halafu akamtazama mama yake. Mtani harudishi alicholipwa. Anakula, anauza, anatupa, anawapa watoto wake wachezee, lakini harudishi. Kitu kinachorudishwa ni cha mgeni, si cha mtani.

"Kasema nini?" akauliza.

"Kasema siku ukifa tutafute mtu mwingine wa kuja kucheka."

Jikoni Zuena aliacha kukoroga.

"Nilimwomba," Mwaija akaendelea. "Usidhani sikumwomba. Nilimwambia mtani, ni mtoto, mwonee huruma. Akaniambia, huruma niliitoa siku ile mbele ya watu wote, akanilipa kalamu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi mahindi nimeshayalia, yameisha. Nimekuja kukuletea hii tu. Sikutaka akuletee mtu baki."

Mhina akafumbua mdomo. Mtu aliyejaza kurasa tisa kwa hisia zake hakupata hata moja ya kumpa mama yake.

Mwaija akamngoja kidogo, akachoka. "Na yale makaratasi yako, yamekwisha?"

"Bado aya moja, mama."

"Basi kamalizie. Usije ukakosa na hiyo."

Zuena akaleta ugali. Ulikuwa wa njano. Yanga ilikuwa imefika mpaka mjini. Mwaija aliutazama, akanawa, akamega tonge, akala, na Zuena akakaa karibu naye, akala pamoja naye.

Mhina akaingia chumbani, akafunga mlango, akakaa mezani. Kalamu ya plastiki ilikuwa imeisha. Alisubiri labda wale wawili uani wangemwita. Kisha akavua kifuniko cha dhahabu, akaandika: *jamii ilinipokea kama mtoto wao.* Kalamu ilikuwa nzima kabisa. Hiza, ambaye hajui kuandika hata jina lake, alikuwa ameitunza vizuri, na wino ulitosha mpaka nukta.